Kabla hujamlipa dalali

Mombo, Tanga

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam nyingi. Huku tu wazima, mama naye anaendelea vizuri, goti tu ndilo linamsumbua. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Uliposema umechoka na Mwanza na unataka kiwanja nyumbani, nilifurahi mpaka nikaenda kumwambia jirani. Lakini uliposema dalali anataka hela wiki hii hii, na kwamba “muhuri wa kijiji upo”, roho ikaniruka. Ndiyo maana nimeketi kukuandikia.

Mombo si kijiji, Mwanaidi. Ni mji mdogo, na kwa sheria ya serikali za mitaa, ile Na. 7 ya 1982, mji mdogo hauna halmashauri ya kijiji wala mkutano mkuu wa kijiji wa kugawa ardhi. Una vitongoji. Wenyeviti wa vitongoji, hawa tuliowapigia kura Novemba 2024, ndio wanaoingia kwenye baraza la mamlaka ya mji mdogo. Juu yao iko Halmashauri ya Wilaya ya Korogwe. Usiichanganye na Halmashauri ya Mji, hiyo ni ya Korogwe mjini, kilomita kama 40 kutoka hapa. Sasa huyo dalali muhuri wa kijiji kautoa wapi?

Mwenyekiti wa kitongoji mheshimu na umwite. Anawajua majirani, anajua nani alirithi nini kwa nani, na akishuhudia mauziano ushahidi wake una uzito. Kumilikisha hawezi. Kwa hilo utakwenda kwa afisa ardhi wa wilaya: uliza kama eneo limepimwa, namba ya kiwanja na kitalu, kisha bikoni, zile alama za mipaka, uzione kwa macho yako, usioneshwe kwa picha. Mimi hali hii inaniuma kidogo. Viongozi walio karibu nasi kuliko wote ndio wenye uwezo mdogo kuliko wote, na mambo makubwa, bajeti yetu ikiwemo, lazima yapitie wilayani. Tungekuwa na sauti zaidi juu ya gulio letu na mitaro yetu.

Mitaro ndiyo jambo la pili. Wewe uliondoka mdogo, unakumbuka joto na mabasi tu. Mombo iko mguuni kabisa mwa Usambara, mita 400 hivi kutoka usawa wa bahari, na Lushoto juu pale ni kama mita 1,400. Barabara inapanda tofauti yote hiyo ndani ya kilomita 33. Maji nayo hushuka hivyo hivyo, kwa kasi, kuelekea bonde la Mkomazi na hatimaye Mto Pangani. Mpunga wetu unaishi kwa maji hayo. Ila huku chini jua laweza kuwa linawaka, kumbe mlimani imenyesha tangu alfajiri, na mto ukafika umejaa tope na magogo. Kiwanja ulichotumiwa picha nakifahamu. Kiko bondeni, nyasi zake ni mbichi hata Septemba. Jiulize kwa nini.

Bibi yangu alikuwa akisema nyika si mahali pa Msambaa kulala. Wazee walikaa juu, Vuga na kwingineko, wakiogopa homa ya bondeni. Aliyeshuka kwa kusudi ni Semboja, mwana wa mfalme wa Wasambaa Kimweri ye Nyumbai, aliyejenga Mazinde, hapo mbele kidogo ukielekea Same, ili awe karibu na misafara ya biashara. Mwanawe Mputa alinyongwa na Wajerumani mwaka 1895. Hapo Mazinde napapita nikienda kwa dada, na kila mara hunyamaza kidogo. Kisha reli ya kutoka Tanga ikafika hapa 1905, na Mombo ikawa mahali pa kushukia abiria na mizigo ya kupanda Lushoto, wakati huo ikiitwa Wilhelmstal. Mashamba ya mkonge yakaleta watu wa makabila mengi, wakajenga, wakazika wazazi wao hapa. Mji wetu umetokana na watu waliokuja wakaamua kubaki, kwa hiyo usione haya kurudi ukiwa kama mgeni.

Hela usitume. Mwambie dalali utakuja Aprili, masika yakiwa yamekolea. Treni ya Moshi inapita hapa tangu safari ziliporudi 2019, nami nitakupokea stesheni. Tutavaa buti, tukitembelee kiwanja siku moja baada ya mvua, tuone maji yamefika wapi. Kule upande wa barabara ya Lushoto kuna mama mmoja anauza kipande kidogo, kina mwembe na kimepimwa. Nimemwomba asubiri.

Wako,
Zaina