Barua kwa Baba, Tabora: Ratiba ya Gofu ya Mwezi Juni

Dundee, Uskoti

Baba mpendwa,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama na wote hapo Isevya. Sisi huku tu wazima.

Kaka amenieleza kwamba umekubali kuja mwezi Juni, na kwamba sharti lako ni moja tu: ucheze mara moja katika kile kiwanja kikongwe cha St Andrews, kisha urudi zako nyumbani. Nimefurahi mno, na tangu siku hiyo kila nitokapo kazini naikunjua ramani ya mkoa wa Fife, wenye mji huo wa St Andrews, ulio ng'ambo ya mto kutoka hapa ninapokaa. Lakini nakuomba kwa heshima, Baba, uniruhusu nilipinge sharti lako. Ukihesabu treni ya zamani kutoka Tabora hadi Dodoma, SGR hadi Dar es Salaam, na ndege juu yake, safari hiyo ni ndefu mno kutegemea kiwanja kimoja ambacho nafasi yake hupatikana kwa kura.

Asiyekuwa na nafasi iliyonunuliwa mapema huandikisha jina siku mbili kabla ya siku anayotaka kucheza, kisha kura huchezeshwa na orodha hutolewa. Mwaka jana mimi na mwenzangu wa kazini tuliandikisha majina siku nne mfululizo, na hatukupata hata siku moja. Siku za Jumapili hakichezwi kwa kawaida, na ada ya majira ya joto inapita pauni 300 kwa mtu mmoja. Kwa hiyo tuandikishe majina yetu kila siku inayowezekana, lakini siku zenyewe tuzijaze kwa viwanja vingine. Kura ikituangukia, tutaahirisha kingine.

Hivyo viwanja vingine si vya kujiliwaza, na hapa ndipo ningependa unisikilize zaidi. Ulitusimulia ulivyojifunza mchezo huu ukiwa kedi, mbeba fimbo za wachezaji, mkiburuta gunia kusawazisha grini, zile sehemu laini zenye shimo, ambazo kwenu zilikuwa za mchanga uliomwagiwa oili, na jinsi kiangazi ardhi ilivyokauka hata mpira ukawa unadunda kama uko juu ya saruji. Viwanja vya pwani ya huku vinafanana na simulizi zako kuliko unavyodhani. Vimelala juu ya mchanga wa bahari, nyasi zake ni fupi na nyembamba, hakuna miti, na upepo haupumziki. Septemba iliyopita nilicheza Crail, ambako chama chao cha gofu kilianzishwa mwaka 1786. Niliupiga mpira juu kama nilivyozoea. Ulianguka hatua ishirini hivi kabla ya grini, ukaruka mara mbili, ukafuata kijiteremko ambacho sikukiona, ukavuka grini nzima na kupotelea kwenye nyasi ndefu za nyuma, zile zinazofika magotini. Mzee mmoja tuliyekuwa naye akachukua fimbo ya namba nne, akaupiga mpira wake chini chini, na ukaenda ukijiviringisha taratibu kama mtu anayeijua njia, hadi ukasimama hatua tatu kutoka shimoni. Nilikukumbuka wewe pale pale. Ule mpigo wako wa chini, ambao wenzako walikuwa wakikushauri uuache, ndio mpigo wenyewe wa huku.

Kwa hiyo ningeanza na Crail, ili mkono wako uzoee upepo. Kisha Elie, ambako njia ya shimo la kwanza inapanda kilima na mchezaji hawaoni walio mbele yake. Katika kibanda cha msimamizi anayewaruhusu wachezaji kuanza wameweka darubini ya nyambizi, iliyotolewa kwenye nyambizi ya jeshi la majini la Uingereza iitwayo Excalibur, na kwa darubini hiyo msimamizi huchungulia ng'ambo ya kilima kabla ya kumruhusu mtu kupiga. Kiwanja hicho hakina hata shimo moja linalotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju mitano: kumi na sita ni ya mikwaju minne na mawili ya mitatu. Kwa mtu wa umri wako anayepiga kwa shabaha kuliko kwa nguvu, naona hakuna kinachokufaa zaidi.

Siku ya tatu ya kucheza tuingie bara, kwenye kiwanja cha Ladybank. Huko bahari huisikii. Kila shimo limezungukwa na misonobari, na ukipinda kidogo tu unautafuta mpira chini ya miti. Utajihisi uko kwenye miyombo ya kwetu, ila huku hakuna mizinga ya nyuki.

Carnoustie naomba tuiache. Najua kaka ameitaja, lakini ni ndefu na kali, na kile kijito chake kinachokatiza mashimo ya mwisho ndicho kilichomwangusha mchezaji Jean van de Velde mwaka 1999, alipofika shimo la mwisho la mashindano makubwa ya gofu ya Open akiongoza kwa mikwaju mitatu, na kombe likachukuliwa na Paul Lawrie. Kaka mwenyewe ndiyo kwanza anajifunza. Yeye atafurahia Balgove, kiwanja cha mashimo tisa hapo hapo St Andrews.

Jumapili nitakupeleka kwenye kiwanja kikongwe hata kama kura imetukataa, kwa sababu siku hiyo watu wote wanaruhusiwa kutembea ndani yake. Utaona grini kubwa saba ambazo kila moja ina mashimo mawili, na ukijumlisha namba za mashimo hayo daima unapata 18. Utaona bunka lao, yaani mtego wa mchanga, kwenye shimo la 14, wanaloliita Jehanamu. Shimo la 17 nimekuwekea akiba, wewe uliyeitumikia reli maisha yako yote: mpira wa kwanza hupigwa kupitia juu ya mabanda yaliyojengwa kufuata umbo la mabanda ya reli ya zamani. Reli yenyewe ilifungwa mwaka 1969, na siku hizi treni huishia Leuchars. Tutaipanda kutoka hapa Dundee, tuvuke daraja la mto Tay, na kando yake utaona vishina vya nguzo za daraja la kwanza, lililoanguka katika dhoruba ya mwaka 1879 treni ikiwa juu yake.

Huku desturi ni kutembea kwa miguu, kwa hiyo nimepanga kucheza siku moja na kupumzika siku inayofuata. Mwezi Juni jua huzama karibu na saa nne usiku. Tukianza saa tisa alasiri tutamaliza mashimo 18 bado kweupe. Isha huchelewa sana na Alfajiri huwahi, basi usingizi tutaufidia mchana. Msikiti uko karibu na kwangu.

Naomba mshughulikie viza mapema. Uombe pia cheti cha handikapu, kinachoonyesha kiwango cha uchezaji wako, kwenye klabu yako, kwani bila hicho hata kwenye kura hatutaingia. Fimbo usibebe, nitakuazima zangu. Lakini viatu nataka kukununulia mwenyewe, visivyopitisha maji, kwa hiyo mpe kaka namba ya mguu wako anitumie wiki hii.

Mwanao akupendaye.