Nyayo zinawaka moto usiku: kwa nini diklofenaki haikusaidii

Mteja akifika kaunta ya duka letu la dawa hapa Goma akisema nyayo zinamuwaka moto usiku, mara nyingi anataka diklofenaki, dawa ya maumivu na uvimbe. Sisi tunaanza na maswali, na wengine hukasirika.

Ukijikata kwa jiwe la lava, maumivu huanzia kwenye kidonda. Kemikali za uvimbe huamsha ncha za neva, na habari hupanda hadi ubongoni. Diklofenaki hupunguza kemikali hizo. Katika maumivu ya neva, mgonjwa ni seli yenyewe inayopeleka habari. Inalalamika bila kuumizwa.

Kiini cha seli hiyo kimo kwenye kifundo kidogo cha neva kando ya uti wa mgongo, na uzi wake unashuka hadi kidole cha mguu, karibu mita nzima. Nyuzi nene hupeleka mguso upesi. Zile nyembamba zisizo na utando wa mafuta hupeleka maumivu ya kuunguza kwa mwendo wa mita 1 hivi kwa sekunde. Uzi ukiharibika, vijilango vya kupitisha sodiamu hurundikana penye jeraha na seli huanza kufyatuka yenyewe, hata umelala. Uti wa mgongo ukipokea fujo hiyo miezi na miezi, nao hugeuka mkali: shuka likigusa tu, unaruka.

Ugonjwa wa sukari hushambulia nyuzi ndefu kwanza, ndiyo maana huanzia vidoleni na kupanda kama soksi. Pombe nyingi hufanya vivyo hivyo. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, humaliza vitamini B6 ambayo neva huihitaji. Muulize daktari kuhusu piridoksini (ndiyo B6 hiyo), miligramu 10 hadi 25 kwa siku huzuia madhara hayo, lakini usiache dawa za kifua kikuu. Zona (mkanda wa jeshi) huuma upande mmoja tu, kwani virusi vya tetekuwanga vilivyokuwa vimejificha huamka katika kifundo kimoja.

Kwetu utavua viatu. Ukiwa umefumba macho, tunakugusa kwa uzi wa nailoni unaopinda kwa nguvu ya gramu 10, kisha tunaweka uma wa mtetemo (chuma kinachotetemeka mara 128 kwa sekunde) juu ya kidole gumba cha mguu, tuone kama unahisi. Sukari tunapima asubuhi kabla hujala. Ikifika 126 mg/dl tunakutuma ukathibitishe hospitalini. Mguu unaowaka unaweza pia kuwa hausikii, na hapo ndipo watu huungua: baridi ya usiku inawasogeza karibu na mbabula (jiko la makaa), au wanatumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto. Pima maji kwa kiwiko. Kung'uta viatu kila asubuhi, kijiwe kimoja kinatosha kufungua kidonda.

Dawa ambayo daktari huanza nayo mara nyingi ni amitriptilini, miligramu 10 au 25 usiku, ikiongezwa taratibu. Inahitaji wiki mbili hadi nne, kwa hiyo usiitupe siku ya tatu. Hukausha mdomo na kuleta usingizi. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha ya jicho au shida ya kukojoa aseme mapema. Bila karatasi ya daktari hatuuzi. Na tramadoli, dawa kali ya maumivu inayoweza kulevya, tafadhali, msituombe kwa mlango wa nyuma.

Ganzi ikija ghafla, mguu ukilegea au mkojo ukigoma, usipitie kwetu: nenda hospitali siku hiyo hiyo.