Kwenu wauguzi mnaokuja Berlin

Wanangu,

Nawaandikia nyinyi mliosaini mikataba na hospitali au nyumba za wazee hapa Berlin, wengine tiketi tayari iko mkononi. Najua mlivyokesha na Kijerumani na mlivyolipia mitihani. Hongereni sana. Kabla kazi haijawachosha, kuna jambo litakalowahangaisha kwanza, nalo ni anwani.

Sheria inawapa wiki 2 tangu mhamie, mwende Bürgeramt, yaani ofisi ya huduma za wananchi, mkaandikishe anwani yenu. Sisi wa huku tunasema "kufanya Anmeldung". Mtadaiwa pasipoti na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba, Wohnungsgeberbestätigung, kuthibitisha kwamba kweli mmehamia kwake. Mkataba wa kupanga pekee hautoshi. Kwa hiyo kabla hamjatoa hata senti, mwulizeni mwenye chumba: karatasi hiyo utanipa? Akianza kuzungukazunguka, tafuteni kwingine. Wapo pia wanaouza anwani tupu, jina lako liwe pale nawe unalala kwingine. Msikubali kamwe. Ni kosa, na anayeuza anaweza kutozwa faini ya hadi euro 50,000.

Miadi ya Bürgeramt ni ya kugombania. Anzeni kuitafuta mtandaoni mkiwa bado nyumbani, tena ofisi ya mtaa wowote wa Berlin inawapokea.

Siku mnayoingia chumbani, bandikeni jina kwenye sanduku la barua na kwenye kengele. Nalisisitiza hili kwa kuwa nimewaona wenzenu wakilia. Tarishi asipoona jina, barua inarudi ilikotoka, na namba yenu ya kodi ya mapato huja kwa barua. Mwajiri asipokuwa nayo anaweza kuwakata kwa daraja la 6 la kodi ya mapato, lenye makato makubwa kuliko yote. Mnafungua karatasi ya mshahara wa kwanza, macho yanawatoka. Kilichozidi hurudishwa baadaye, ila karo ya mdogo wako na deni la wakala havina subira.

Dhamana ya nyumba isizidi kodi ya pango ya miezi 3, bila kuhesabu gharama za joto na maji, na mna haki ya kuilipa kwa awamu 3. Anayetaka yote taslimu kabla hamjaona chumba ni tapeli.

Sasa la nyumbani. Fedha iliyoandikwa kwenye mkataba siyo itakayoingia benki: kuna kodi ya mapato, bima ya afya, pensheni, bima ya kukosa kazi na bima ya matunzo ya wasiojiweza. Tena hadi vyeti vyenu vitambuliwe, wengi wenu mtalipwa kama wasaidizi. Kaeni na wazazi kabla ya kuondoka, muwaonyeshe hesabu yenyewe. Ahadi iliyotolewa uwanja wa ndege ndiyo inayomfanya mtoto wa watu afanye zamu mbili huku anaumwa.

Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Tokeni nje mchana, hata kwa nusu saa, hata kama baridi inauma.

Na barua yoyote ya ofisi msiyoielewa isilale kwenye droo. Muda wa kupinga uamuzi mara nyingi ni mwezi 1 tu. Nileteeni Jumapili, maduka yamefungwa na mimi nipo nyumbani. Tutaisoma pamoja, mstari kwa mstari.

Mama yenu wa Berlin