Jumamosi ya pilipili: Coco Beach, si Mikocheni tena

Habari za jioni, wapendwa wa pilipili!

Kule Mikocheni wamekataa tuingie na vyakula vyetu, na mimi siwalaumu. Kwa hiyo Jumamosi hii tunahamia Coco Beach, saa 10 jioni, upande wa wauza mihogo. Nitawahi nitandike mikeka.

1. Mchango ni 10,000 kwa kichwa: mihogo, mishikaki, maji na mtindi. Mtindi msiudharau. Ukali wa pilipili hauyeyuki kwenye maji, ndiyo maana kaka yetu wa Sinza alimaliza chupa mbili mwezi uliopita na machozi yakazidi kumtoka.

2. Kila mtu aje na kitu kimoja alichopika au kusaga mwenyewe. Dada wa Tabata, ile achari ya ndimu iliyokaa juani wiki nzima tunaiomba tena, tafadhali. Mimi naleta chachandu ya pilipili mbuzi na ukwaju.

3. Andika kwenye kifuniko kama ni pilipili mbuzi au pilipili kichaa, maana watoto watakuwepo.

4. Fungeni vizuri! Yangu iliwahi kumwagika kwenye daladala, abiria wakapiga chafya mpaka kituo cha Morocco, konda akanishusha kwa adabu.

Mwisho wa kutuma hela ni Alhamisi saa 2 usiku, kwa mweka hazina wetu. Ukishatuma, andika hapa "NIPO" na chakula unacholeta, tusije tukajikuta na kachumbari sita kama siku ile.

Nasubiri majibu yenu jamani.