Dozi ya Mama Imepandishwa Mara Mbili, Sasa Moyo Unamwenda Mbio

Daktari, shikamoo.

Tunakuandikia kuhusu mama yetu, miaka 57, kilo 62. Miezi mitano iliyopita alipasuliwa rovu, dundumio (tezi ya shingoni) ikatolewa yote. Majibu ya maabara yalionyesha kuwa si saratani, kwa hiyo hakuna haja ya kuishusha TSH yake (homoni ya damu inayopanda pale homoni ya dundumio isipotosha) chini ya kawaida. Inatosha ikae kati ya 0.4 na 4. Mmoja wetu ni mfamasia na ndiye anayeshika daftari la dawa, lakini tumefika mahali tunahitaji jicho la pili.

Alianzishiwa levothairoksini, homoni ya dundumio ya vidonge, maikrogramu 100 kwa siku. Hesabu ilikuwa sawa: asiye na dundumio huhitaji takriban 1.6 kwa kila kilo, na 62 mara 1.6 ni 99. Wiki ya saba TSH ikaja 14.6, akapandishwa hadi 125. Wiki ya kumi na nne ikaja 11, akapandishwa hadi 150. Hapo tukashtuka. Maikrogramu 150 kwa kilo 62 ni kama 2.4 kwa kilo, dozi kubwa mno kwa mtu ambaye hajakosa kumeza hata siku moja. Dawa ilikuwa ikiingia tumboni na haifiki kwenye damu.

Ilibidi tukae naye asubuhi nzima kuona anavyofanya. Saa 12 anameza levothairoksini. Saa 12 na robo anakunywa uji wa unga wa lishe, wenye soya na karanga, uliopikwa kwa maziwa, na kwa uji huohuo anamezea kalsiamu miligramu 500. Kalsiamu huinasa levothairoksini tumboni ikatoka nayo chooni. Ndiyo maana hutakiwa zipishane kwa saa nne. Soya na maziwa navyo hupunguza kinachofyonzwa. Juu ya hayo anatumia omeprazoli kila siku kwa vidonda vya tumbo, na asidi ikipungua kidonge hakiyeyuki vizuri. Isitoshe, vidonge vilikuwa vimetolewa kwenye karatasi zake na kutiwa kwenye kopo karibu na jiko, katika joto hili la Tanga, ilhali vinataka mahali pakavu, pasipo mwanga, chini ya nyuzi 25.

Hatumlaumu. Aliambiwa ameze asubuhi kabla ya kula, naye akafanya hivyohivyo. Anayeandika maelezo kwenye bahasha ya dawa angetaja saa na dakika: maji matupu, kisha dakika 60 bila chai wala chochote. Chai ya maziwa watu wengi hawaihesabu kuwa chakula.

Siku 16 zilizopita tulipanga upya. Levothairoksini sasa ni saa 11 alfajiri, kwa maji. Anakula saa 12, bila soya wala maziwa. Uji wa lishe umehamia saa 10 jioni, na kalsiamu anameza pamoja na chakula saa 7 mchana na saa 2 usiku. Omeprazoli hatujaigusa.

Tangu juma lililopita mikono inamtetemeka, usiku halali, jasho linamtoka hata feni ikiwaka, na mapigo ya moyo akiwa ametulia kwenye kiti ni 104 kwa dakika. Amepungua kilo moja na nusu. Kwa tunavyoelewa, kile kilichokuwa kikipotea sasa kinafyonzwa, na maikrogramu 150 zimekuwa 150 kweli. Nusu ya levothairoksini huchukua kama siku saba kutoka mwilini, hivyo baada ya siku 16 amefika karibu asilimia 80 ya kiwango kipya. Bado kinapanda.

Tumeomba aonwe mapema na tumepewa Alhamisi hii. Akipata maumivu ya kifua, akiishiwa pumzi au mapigo yakienda ovyo hatutaisubiri. Hofu yetu ni kwamba TSH hujivuta. Huenda bado ikasoma kawaida, au hata juu kidogo, kwa sababu haijamaliza kushuka, na atakayeiangalia peke yake akaiacha dozi ilipo. Je, tuombe T4 huru, yaani homoni ya dundumio yenyewe iliyomo kwenye damu, ipimwe pamoja nayo, na kipimo cha umeme wa moyo? Na dozi, irudi moja kwa moja kwenye 100 au ipitie 125? Sisi tunaegemea 100, ila omeprazoli inatutia wasiwasi, maana ikiendelea huenda akahitaji zaidi kidogo. Tunachokikataa ni kubadili dozi na kusimamisha omeprazoli kwa mkupuo mmoja. TSH ikihama baada ya wiki sita hatutajua ni kipi kilichoihamisha.

La pili ni kalsiamu. Kila tukijaribu kumshusha hadi kidonge kimoja kwa siku, midomo na ncha za vidole hufa ganzi. Kipimo cha mwisho kilikuwa 1.98, wakati kawaida huanzia kama 2.15. Tunajua vitezi vinne vilivyo nyuma ya dundumio vinaweza kuumia wakati wa upasuaji na kuchukua miezi kuamka. Lakini anatumia kabonati ya kalsiamu, ambayo nayo huhitaji asidi ya tumbo, na omeprazoli ikitumika muda mrefu huweza kushusha magneziamu, na magneziamu ikishuka kalsiamu haipandi. Je, kabla ya kusema vitezi vimekufa, si vizuri magneziamu na homoni ya vitezi hivyo zipimwe, au abadilishiwe sitrati ya kalsiamu, isiyotegemea asidi? Alfakalsidoli, aina ya vitamini D, anatumia maikrogramu 0.25 tu.

Majirani wanamkataza kabichi na mihogo. Vyakula hivyo huisumbua dundumio, na yeye hana tena, kwa hiyo anakula. Chumvi yenye madini joto nyumbani hatujaiacha, kwa ajili ya wajukuu.

La mwisho ni Ramadhani. Kwa mapigo haya tumemwomba asifunge mpaka atulie, naye hajakubali. Akiruhusiwa, saa za kumeza hatuzipati. Wakati wa kulala ungefaa, saa tatu baada ya chakula, ila hapa kwetu mtu hufuturu, hurudi tarawehe, akala tena saa 4 usiku, kisha daku saa 10. Tumefikiria aamke saa 9 na nusu, ameze kwa maji, ale daku saa 10 na nusu, na kalsiamu zote mbili zihamie usiku, moja kwenye futari na moja kwenye chakula cha saa 4. Kati ya kalsiamu ya mwisho na kidonge zinakuwa saa tano na nusu. Wasiwasi wetu ni mchana mrefu bila kalsiamu kwa mtu ambaye ganzi humrudia upesi. Kuna mpango bora zaidi ya huo, au hili pekee linatosha kumwambia asifunge mwaka huu?

Wanawe,
Tanga