Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: majibu yaliyofika baada ya maziko

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUPIMA KINGAMWILI ZA UBONGO HAPA HAPA NCHINI

Mheshimiwa Waziri, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtafiti wa maabara. Kazi yangu ni kutafuta, ndani ya maji ya uti wa mgongo, kingamwili (protini ambazo mwili huzitengeneza kupigana na maradhi) zilizogeuka na kuushambulia ubongo wa mwenyewe. Ninaifanya kwa mwaka wa 9 sasa. Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu ugonjwa huu umo majumbani mwa watu, na wengi wanaouguza hawajawahi kusikia jina lake.

Mwaka juzi aliletwa binti wa miaka 19, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni. Alianza na homa na kuumwa kichwa. Wiki iliyofuata akawa halali, anaongea peke yake, anasema wenzake wa bwenini wanamtilia sumu. Nyumbani wakasema malaria imempanda kichwani. Kipimo cha malaria kikatoka safi, wakampeleka kwa mganga, kisha wodi ya wagonjwa wa akili. Alipoanza kupata degedege ndipo akafikishwa tulipo. Nilipomwona alikuwa hasemi tena. Mdomo ulikuwa unatafuna na hamna chakula, ulimi unatoka na kurudi, na mkono wa kulia unazunguka polepole juu ya shuka kama wa mtu anayekanda unga wa chapati. Mama yake alikuwa ameushika ule mkono kwa mikono yake miwili ili utulie, nao ukaendelea kuzunguka na mikono yake juu yake. Kwenye paji la uso la binti kulikuwa na chale mbichi.

Simlaumu yule mama hata kidogo. Angejuaje?

Ugonjwa wenyewe ni ensefalitisi, yaani kuvimba kwa ubongo, ya vipokezi vya NMDA, vile vinavyopokea ujumbe kwenye seli za neva. Kingamwili yake ilielezwa mwaka 2007 na daktari wa neva Josep Dalmau na wenzake, pale University of Pennsylvania, Marekani. Kwa wasichana, chanzo huweza kuwa uvimbe wa ovari uitwao teratoma. Ndani yake huota nywele, meno, hata tishu ya ubongo (naelewa kwa nini mtu akiuona atasema ni uchawi). Kinga ya mwili inaikuta tishu hiyo mahali isipostahili kuwapo na kutengeneza kingamwili za kuipiga. Zikifika kichwani, kingamwili hizo hazijui tofauti: zinavishika vipokezi vya seli za neva na kuvifanya vizame ndani ya seli, na mawasiliano yanavurugika. Hapo ndipo mtu anaona visivyokuwapo, anasahau jina lake, viungo vinajiendea vyenyewe. Wengine huanza baada ya virusi vya hepesi kuingia ubongoni, na kwa wengi hatuoni chanzo chochote.

Mheshimiwa, ugonjwa huu unatibika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliohusu wagonjwa 577 kutoka nchi mbalimbali, ulikuta kwamba baada ya miezi 24 takribani 8 katika kila 10 waliofuatiliwa walikuwa wamepata nafuu kubwa. Walioanza dawa mapema ndio waliofanya vizuri zaidi. Mtu aliyefungwa kitandani anaweza kurudi darasani.

Maji ya yule binti niliyagawa mwenyewe kwenye vichupa viwili, nikavitia kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Kisha ukaanza mzunguko wa makaratasi: kibali cha kusafirisha sampuli, mkataba na maabara ya nje, barafu kavu, nafasi ya ndege. Wakati huo madaktari walisita kumpa dawa za kushusha kinga, kwa maana kama kulikuwa na maambukizi yaliyojificha zingemmaliza. Nami ningesita. Majibu yalirudi siku ya 52. Yalikuwa chanya. Nikaipiga namba ya mama, akapokea mjomba wa binti. Akaniambia, “Daktari, tulishazika.”

Kipimo chenyewe ni slaidi yenye seli zilizopandikizwa kipokezi. Unadondoshea maji ya mgonjwa, unaosha, unaweka rangi, unatazama kwa hadubini ya fluoresensi. Kingamwili ikiwepo, seli zinang'aa kijani. Ni kazi ya saa chache, na hadubini ya aina hiyo ninayo mezani kwangu. Ninachokosa ni slaidi na dawa zake, kwa bajeti isiyokatika kila mradi wa mfadhili unapoisha.

Naomba tuanze na maabara moja tu ya umma, ipokee sampuli kutoka mikoa yote. Naomba kipimo hiki kiingie kwenye mafao ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Na zaidi ya yote, naomba mwongozo kwa wodi za akili: kijana aliyebadilika ghafla, mwenye degedege au viungo vinavyocheza, apimwe maji ya uti wa mgongo, na msichana afanyiwe na ultrasaundi ya ovari, kabla ya kuandikiwa dawa za kichaa na kurudishwa nyumbani.

Kuna jambo jingine linaloniuma. Mahenge, katika Wilaya ya Ulanga, ndiko daktari Louise Jilek-Aall alikowaona, miaka ya 1960, watoto wenye kifafa wanaotikisa vichwa. Mwaka 2017 wanasayansi walieleza kwamba baadhi ya wagonjwa wa namna hiyo nchini Uganda wana kingamwili dhidi ya leiomodini-1, protini ya mwili wa binadamu inayofanana na ya mnyoo wa usubi. Mjadala huo haujafungwa, nami nina maswali yangu juu yake. Lakini swali lililoanzia kwenye vilima vyetu, kwa watoto wetu, ningependa nilijibu nikiwa hapa, kwa damu isiyopanda ndege.

Nikiitwa Dodoma nitakuja na slaidi mbili, moja ya mtu mzima wa afya na nyingine ya yule binti. Mama yake amenipa ruhusa ya kuionyesha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtafiti wa magonjwa ya ubongo,
Dar es Salaam.