Barua ya wazi kwa vijana wapiga gitaa: Clapton ni nguli, ila hamjamsikiliza

Wanangu,

Heshima mnayonipa naiona, na kila mkinipigia simu kuniuliza habari za nyuzi na amplifaya nafurahi. Kwa hiyo msinielewe vibaya leo. Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe mlilifanya hadharani, na nilikuwepo.

Mlikuwa mnabishana kuhusu Eric Clapton, mpiga gitaa wa Uingereza, kama kweli anastahili kuitwa nguli au Wazungu wamempamba tu. Ubishi hauna ubaya, sisi nasi tulikesha tukibishana nani anamzidi nani kwenye solo. Kilichoniudhi ni namna mlivyohukumu. Mmoja wenu alifungua wimbo wake “Crossroads” kwenye simu, akaisikiliza kidogo, akaikata kabla solo ya pili haijaanza. Akasema, “Mbona kawaida tu? Hii naipiga.” Akachukua gitaa akaipiga kweli, tena kwa mwendo wa kasi zaidi, na hakukosea popote. Mkapiga makofi. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba katika noti zote zile haikuwapo moja iliyopewa nafasi ya kupumua. Siku ile nilinyamaza, maana kijana ana kipaji na sikutaka kumvunja mbele ya wenzake. Leo sinyamazi.

Jibu langu nalitoa mapema ili mjue nasimama wapi. Clapton anastahili hadhi yake kwa kazi ya miaka kama mitano hivi, kuanzia 1965 hadi 1970. Mengi yaliyofuata ni muziki mzuri wa mtu ambaye jina lilikwisha kujengwa, na mengine si mazuri hata kidogo. Na yule aliyeandika kwenye ukuta wa Islington, London, kwamba Clapton ni Mungu, huyo alimtwika kijana wa watu mzigo usiobebeka.

Sasa tuanze na mlichokikata.

Rekodi ile ya “Crossroads” ni ya jukwaani, ukumbi wa Winterland, San Francisco, Machi 1968. Bendi ni Cream, nao wako watatu tu: Jack Bruce kwenye besi, Ginger Baker kwenye dramu, na Clapton. Hakuna gitaa la rizimu, hakuna kinanda, hakuna wa kumfunika akikosea. Solo ya kwanza anakaa chini na katikati ya shingo, anazungumza. Anachukua skeli (ngazi ya noti) ya meja, yenye furaha, na ya maina, yenye huzuni, anazichanganya ndani ya sentensi moja, hivi kwamba unasikia furaha ikigeuka uchungu kabla kipimo kimoja cha mapigo hakijaisha. Ya pili anapanda juu na hapo ndipo anapolia. Mtu anayeikata kabla ya hapo ameikata kabla ya jambo lenyewe.

Na sikilizeni anavyouvuta uzi. Hauvuti ukafika tu basi. Anaufikisha pale sauti inapotakiwa iwe, sawasawa, halafu ndipo anautetemesha, na mtetemo wenyewe ni mpana na hauna haraka. Tazameni mkono wake wa kushoto kwenye video za zamani: akitetemesha, gumba huachia shingo, mkono wote ukabaki unaning’inia kwenye kidole kimoja kilichobana uzi. Jaribuni. Nimewafundisha wengi wenu na najua mkijaribu mtagundua kwamba uzi mnauvuta nusu njia, sauti inabaki chini kidogo ya ilipotakiwa kufika, na mnakimbilia noti inayofuata ili mtu asisikie. Kasi inaficha hilo. Ndiyo maana mnaipenda kasi.

Nasema kwa uchungu kwa sababu naona mnavyofanya mazoezi. Mnaweka metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, mnapandisha namba wiki baada ya wiki, mnajirekodi, mnaposti. Hakuna namba ya kupima noti iliyokaa vizuri, kwa hiyo hamuipimi na hamuifanyii mazoezi. Mtu anakaa miaka na gitaa, anajua skeli zote, na bado hana sauti yake. Nikifumba macho, nyote mmekuwa mtu mmoja. Wanangu, mimi nilikuwa nikipita nje ya ukumbi najua nani yuko kwenye solo ndani kabla sijalipa kiingilio.

Mkitaka kujua kwa nini jina la Clapton lilipaa, rudini 1966, studio za Decca, London. John Mayall anarekodi na bendi yake, Bluesbreakers, na Clapton ana miaka 21. Amebeba gitaa la Gibson Les Paul na amplifaya ya Marshall, na ameifungulia sauti vilevile anavyoifungulia ukumbini. Enzi zile studio haikuruhusu hivyo. Mpiga gitaa aliambiwa apunguze, na fundi mitambo ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Kijana akakataa kupunguza, akataka na kipaza sauti kikae mbali na spika. Ikabidi wamrekodi anavyotaka.

Amplifaya ya namna ile ikilemewa, noti haifi haraka. Inanenepa, inakaa, na ukiutetemesha uzi inaimba. Kabla ya hapo kazi ya kushika noti ndefu kwenye bendi ilikuwa ya saksafoni au ya mwimbaji. Baada ya santuri ile gitaa likawa na koo. Waliomtangulia kupiga kwa sauti kubwa na iliyochanika walikuwepo, Wamarekani weusi wa Chicago na Memphis walishafanya hayo tangu miaka ya 1950, lakini sauti ile hasa, Les Paul na Marshall kwa pamoja, iligeuka kuwa sauti ya roki kwa miongo iliyofuata. Gibson walikuwa wameacha kutengeneza Les Paul ya umbo lile mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1968 wakairudisha sokoni, kwa sababu vijana waliomsikia Clapton, na Mmarekani Mike Bloomfield, walikuwa wanazisaka zile kuukuu. Hilo gitaa la kuiga mlilonunua Kariakoo lina umbo lile kwa sababu ya watu hawa. Kisha mnauliza amefanya nini.

Kitu kingine ambacho hamkitazami ni alikotoka. Machi 1965 alikuwa kwenye bendi ya Yardbirds, anakaribia miaka 20, na bendi ina wimbo unaoelekea kushika chati. Akaondoka. Aliona wimbo ule ni wa kupendeza redio, yeye alitaka bluzi, muziki wa Wamarekani weusi. Akaenda kwa Mayall, kwenye pesa kidogo, akajifungia na santuri za Freddie King, Otis Rush, B.B. King na Robert Johnson. Alikopi, ndiyo, tena waziwazi. Chukueni “Hideaway” ya Freddie King, halafu chukueni ya Clapton. Mtasikia mwanafunzi aliyemsikiliza mwalimu mpaka pumzi zake. Ninyi mnamkopi aliyemkopi aliyemkopi, kutoka kwenye video ya dakika moja, na jina la mwenyewe hamlijui. Nilipouliza Freddie King ni nani, mmoja alinijibu ni mwanamasumbwi!

Tarehe 1 Oktoba 1966 mpiga gitaa Mmarekani Jimi Hendrix, akiwa na siku chache tu London, alipanda jukwaani na Cream pale Regent Street Polytechnic, akapiga “Killing Floor” ya Howlin’ Wolf. Clapton, ambaye jiji zima lilikuwa linamwabudu, alishindwa kuendelea, akashuka jukwaani. Baadaye wakawa marafiki, na hakuacha kumsifu. Mkisema Hendrix alikuwa mkubwa zaidi, mimi nanyi hatuna ugomvi. Na wale mnaosifia ile sauti ya juu inayoteleza mwishoni mwa “Layla”, wimbo wa Clapton, hiyo ni kazi ya mpiga gitaa Duane Allman, aliyealikwa studio Miami mwaka 1970, akitelezesha nyuzi kwa chupa ya dawa ya mafua aliyoivaa kidoleni. Mpeni kila mtu chake.

Hapa niwaambie jambo linaloniuma zaidi kuliko ubishi wenu.

Mwanabluzi Mmarekani mweusi Skip James alirekodi “I’m So Glad” mwaka 1931, kampuni ikamsahau, naye akatoweka kwenye muziki kwa zaidi ya miaka thelathini. Cream waliurudia wimbo huo kwenye santuri yao ya kwanza, na malipo ya utunzi yakamfikia mzee akiwa mgonjwa wa saratani, yakamsaidia matibabu. Alifariki 1969. Robert Johnson alifariki 1938, ana miaka 27, kabla nchi yake haijamjua. Wenye muziki walikuwa wakizikwa na madeni huku vijana wa Kiingereza wakinunua majumba. Clapton hakuuanzisha utaratibu huo, lakini ulimnufaisha, na anayempima bila kuliweka hilo mezani anapunja.

Lakini msinyooshe kidole Marekani tu. Solo za dansi zilizowalea baba zenu zilirekodiwa Radio Tanzania, na wengi wa waliozipiga wamezeeka au wamekufa bila senti ya hakimiliki. Mbaraka Mwinshehe mnamjua kwa jina. Ni wangapi kati yenu wanaweza kukaa chini wakapiga solo yake moja kwa ukamilifu? Tunasubiri mtu afe ndipo tuchangishane kwenye msiba, na hotuba zinatolewa na watu ambao hawakuwahi kununua hata kanda yake. Serikali ina lawama yake, vituo vya redio vina lawama yao, na sisi wasikilizaji tuliozoea muziki wa bure tuna yetu.

Sasa nije kwenye doa, maana sitaki mtu aseme mzee amelifunika. Tarehe 5 Agosti 1976, jukwaani Birmingham, Clapton akiwa amelewa alimsifu mwanasiasa Enoch Powell na kutaka wageni waondolewe ili Uingereza ibaki ya weupe. Huyu ni mtu aliyefika namba moja Marekani miaka miwili tu kabla yake kwa wimbo wa Bob Marley, na maisha yake yote amekula kwenye sahani ya watu weusi. Kutokana na maneno yale ndipo wanaharakati wapenda muziki wa Uingereza wakaanzisha vuguvugu la Rock Against Racism, la kupinga ubaguzi wa rangi. Miaka mingi baadaye alikiri kuona aibu. Pombe ilikuwa imemmaliza, kabla yake heroini ilimfungia ndani karibu miaka mitatu, yote nayajua. Mimi ni Mwafrika na maneno yale yalinichoma, bado yananichoma. Msimtetee kwa hilo, na asitokee wa kuwaambia kwamba solo nzuri inalifuta. Vilevile asiwaambie mtu kwamba alichokipiga 1966 hakikupigwa.

Baada ya hapo rekodi zake za miaka ya 1980 nyingi zimemezwa na vinanda na dramu za mashine, sizirudii. Mwanawe Conor alifariki Machi 1991, ana miaka minne, kwa kuanguka kutoka ghorofa ya 53 New York. Wimbo alioutunga kwa ajili yake, “Tears in Heaven”, mnaujua nyote, na hapo sina la kusema, mzazi yeyote ataelewa. Alichokifanya baadaye na mali yake nakiheshimu: mwaka 1998 alifungua kituo cha kutibu walevi na watumiaji wa dawa za kulevya kisiwani Antigua, akauza magitaa yake kwenye mnada ili kukiendesha. Gitaa lake jeusi, alilojiundia mwenyewe kutokana na vipande vya magitaa matatu ya aina ya Stratocaster, liliuzwa 2004 kwa dola 959,500.

Mengine nayataja bila kurefusha. Tuneni kabla ya kupanda jukwaani, si mbele ya watu. Tembeeni na nyuzi za akiba. Clapton alikuwa akikata uzi anabadilisha pale pale huku umati ukimpigia makofi ya taratibu, na jina lake la utani la Slowhand, yaani mkono wa taratibu, lilitokea hapo, kwa hiyo acheni kusema aliitwa hivyo kwa kuwa mikono yake mizito. Mlipeni mpiga besi sawa na ninyi. Msinywe kabla ya shoo. Orodha za magazeti za wapiga gitaa bora zisiwapotezee muda: Rolling Stone ilimweka wa pili mwaka 2011, ilipotoa orodha mpya 2023 ikamporomosha mbali, na mkono wake haukubadilika hata kidogo katikati ya hizo orodha mbili.

Kazi yenu ya mwezi huu ni hii. Sikilizeni “All Your Love” ya Otis Rush ya 1958, kisha ya Mayall na Clapton. Sikilizeni “Hideaway” mbili kwa mpangilio huohuo. Halafu “Cross Road Blues” ya Robert Johnson, aliyoirekodi San Antonio mwaka 1936 peke yake na gitaa, ndipo mwende kwenye “Crossroads” ya Winterland, mpaka mwisho. Yule kijana aliyeikata namwomba achague noti moja tu kwenye solo ya pili, moja iliyovutwa, aifanyie kazi wiki nzima kwa sauti ya chini, kisha aje nyumbani anipigie. Chai ipo. Na nyote, msisikilize hizi kwa spika ya simu; atakayekosa spika nzuri aje achukue yangu, airudishe Jumapili.

Ni mimi, mzee wenu.